Chenga kwenye picha ghafi: programu ipi inazipunguza vizuri zaidi?

Swali: Napiga picha za kwaya na maigizo ukumbini, usiku, bila flashi. Kamera yangu ni ya megapikseli 24 na mara nyingi niko kwenye ISO 6400 (ISO ni kiwango cha unyeti wa kamera). Nimefungua faili ghafi moja (RAW, data ya sensa kabla kamera haijaihariri) kwenye darktable, kwenye Lightroom na kwenye programu ya DxO ya majaribio. Kwenye darktable chenga (zile punje na madoa) zimejaa, kwenye Lightroom kuna nafuu, kwenye DxO picha ni safi mno. Ila mwenzangu anasema nyuzi za pazia ninazoziona kwenye ile ya DxO hazikuwepo, programu imezibuni. Tena JPEG iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ni safi kuliko faili ghafi lenyewe. Niamini ipi? Au nirudi tu kwenye JPEG?

Jibu: Ndugu msomaji, nikupe kwanza jibu la haraka, halafu tuingie ndani. Kwa picha za giza za ISO 6400 kwenda juu, programu zinazoondoa chenga kwa akili mnemba moja kwa moja kwenye data ghafi, yaani DeepPRIME ya DxO na Denoise ya Lightroom, zimeziacha mbali zile zinazotegemea vitelezi vya kawaida. Hilo sina shaka nalo. Kati ya zile za kawaida, darktable ndiyo ninayoiamini zaidi ikishawekwa sawa, na ni ya bure. JPEG usirudi. Lakini ulinganisho ulioufanya haukuwa wa haki, na ningependa uurudie, kwa sababu hukulinganisha uwezo wa programu tatu. Ulilinganisha namna tatu tofauti za kufungua faili.

Angalia kilichotokea. darktable inapofungua faili ghafi haiwashi kabisa moduli yake ya kupunguza chenga. Tena, katika utaratibu wake wa kawaida wa sasa, huongeza mwangaza kwa karibu stopu 0.7 (stopu moja ni mwanga maradufu), na ukiinua mwangaza unaziinua na chenga zake. Lightroom, kabla hujagusa chochote, imeshaweka kitelezi cha Color kwenye 25, cha Luminance kwenye 0, na kunoa kwenye 40. Maana yake imefuta chenga za rangi, na papo hapo ikazinoa zile za mwangaza zilizobaki. DxO hukufungulia picha ikiwa imeshapunguziwa chenga na, kama lenzi yako imo kwenye orodha yake, imeshasahihishiwa kasoro za lenzi na kunolewa pale lenzi ilipolegea. Kamera nayo imefanya mambo yote hayo kabla hujaiona picha: imepunguza chenga, imenoa, imekoleza rangi, halafu ikatupa sehemu kubwa ya data na kukuachia biti 8 kwa kila rangi mahali palipokuwa na biti 12 au 14. JPEG yako haikupata mwanga mwingi zaidi ya faili ghafi. Ni mwanga uleule, uliohaririwa ndani ya kamera kwa muda usiofika sekunde moja. Kama unaipenda sura ile, watengenezaji wa kamera wana programu zao za bure, kwa mfano NX Studio ya Nikon na Digital Photo Professional ya Canon, zinazosoma mipangilio ya kamera na kukupa picha inayofanana sana na JPEG hiyo huku faili ghafi likibaki salama.

Sasa, chenga zenyewe ni nini? Nimekuwa nikikutana na wapiga picha wazuri kabisa wanaoamini kwamba ISO ndiyo inayozileta. Chanzo kikubwa ni uchache wa mwanga. Mwanga hufika kwenye sensa kwa chembe, fotoni mojamoja, na haziji kwa mpangilio. Mvua kubwa ikinyesha kwenye sakafu ya vigae, kila kigae kinalowa sawa na mwenzake. Yakianguka manyunyu ya dakika moja, kigae hiki kina matone tisa, jirani yake kumi na tatu, yule mwingine sita, ingawa wingu ni lilelile. Tofauti hiyo ndiyo chenga. Na ina hesabu yake: ukubwa wa mtikisiko ni kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni. Pikseli iliyopokea fotoni 6,400 itatikisika kwa karibu 80, yaani asilimia 1.25, jicho halioni kitu. Ukitoka ISO 100 ukaenda ISO 6400 kwa sababu ya giza, mwanga umepungua mara 64, pikseli ileile imebaki na fotoni 100, na mtikisiko wake ni 10. Hiyo ni asilimia kumi, na hapo hata mtoto ataiona. Juu yake kuna chenga za umeme wa kamera yenyewe wakati wa kusoma sensa, zinazojitokeza zaidi kwenye weusi wa chini kabisa, na chenga za joto kwa picha za muda mrefu. Lakini kwa kazi yako ya ukumbini, adui mkuu ni yale manyunyu.

Nimeieleza hesabu hii kwa sababu inaonyesha mpaka wa kila programu. Hakuna programu inayoweza kurudisha fotoni ambazo hazikufika. Zote zinafanya makisio. Zinatofautiana katika kukisia tu: inakisia kwa kutumia nini, katika hatua gani, na ikikosea inakosea vipi.

Suala la hatua ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Sensa nyingi zina chujio la rangi la aina ya Bayer, lililobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupewa hataza mwaka 1976. Nusu ya pikseli zinaona kijani tu, robo nyekundu, robo bluu. Kwa hiyo theluthi mbili ya namba za rangi katika picha unayoiona hazikupimwa, zimekokotolewa kutoka kwa majirani. Pikseli moja ikiwa na chenga, hatua hiyo ya kujaza rangi inawaambukiza majirani wake, na kilichokuwa mchanga mwembamba kinageuka madoa yenye upana wa pikseli kadhaa. Madoa ni magumu sana kuyaondoa, kwa sababu sasa yana ukubwa sawa na vitu halisi: kishungi cha nywele, mkunjo wa shati, kope. Programu inayoshughulikia chenga kabla ya hatua hiyo, au pamoja nayo, inafanya kazi wakati chenga bado ziko katika hali inayojulikana kihesabu. Ndiyo sababu kuichukua JPEG na kuipitisha kwenye programu ya kusafisha hakutoi matokeo yanayokaribia kusafisha faili ghafi.

Kuna aina mbili za chenga unazopaswa kuzitenganisha akilini. Chenga za rangi ni yale madoa ya zambarau na kijani kwenye suti nyeusi na chini ya viti. Chenga za mwangaza ni punjepunje za kijivu, nyeusi na nyeupe. Jicho la binadamu halioni vizuri maelezo madogo ya rangi, lakini linaona kwa ukali mabadiliko madogo ya mwangaza. Kwa hiyo za rangi unaweza kuzifuta karibu zote bila kupoteza kitu cha maana. Za mwangaza kila unapozifuta unachukua na ngozi, na nywele, na kitambaa. Ukiniuliza kosa moja ninaloliona kila siku kwenye picha za usiku, nitakwambia ni hili: mtu ameona madoa ya rangi, akavuta kitelezi cha Luminance hadi 60, uso ukawa nta, na madoa bado yapo.

Kwenye ukumbi wako kuna jambo la ziada. Taa za manjano za balbu zina bluu kidogo sana. Ukisawazisha weupe, programu inazidisha namba za bluu ili zilingane na nyekundu, na inazizidisha pamoja na chenga zake. Taa za jukwaa za bluu tupu au nyekundu tupu ni mbaya zaidi, kwa maana zinaacha rangi mbili zikiwa karibu na njaa. Picha mbili za ISO 6400 kutoka usiku mmoja zinaweza kutofautiana sana kwa sababu ya taa peke yake. Usilinganishe programu kwa picha moja tu.

Sasa tuje kwenye programu zenyewe.

Vitelezi vya kawaida vya Lightroom ni vyepesi na vya haraka, na kwa ISO 1600 hadi 3200 kwenye kamera ya kisasa vinatosha kabisa. Acha Color kwenye 25, panda hadi 35 au 40 kama madoa ni makubwa, na Luminance usiogope kuiacha kati ya 10 na 25. Zaidi ya hapo kitambaa kinaanza kufa. Capture One iko katika tabaka hilohilo kwa vitelezi vyake vya kawaida, na ina kimoja ninachokipenda, cha kufuta pikseli mojamoja zinazong'aa peke yake, kinachosaidia sana kwenye picha za muda mrefu.

darktable inastahili maelezo marefu zaidi, maana wewe umeihukumu kabla haijafanya kazi. Moduli yake ya kupunguza chenga hutumia wasifu wa kamera: watu wamepima chenga za kamera nyingi kwa kila ISO, na programu inajua kwamba kwenye kamera yako, kwa ISO 6400, pikseli yenye mwangaza fulani inatarajiwa kutikisika kiasi fulani. Haikisii kwa macho, inafuata kipimo. Ndani yake kuna njia mbili. Moja inatafuta vipande vya picha vinavyofanana, hata vikiwa vimeachana kidogo, na kuvipatia wastani. Wazo hilo lilitolewa na Buades, Coll na Morel mwaka 2005, na hadi leo linapendeza, kwa kuwa picha imejaa marudio: nyuzi hii ya pazia inafanana na ile, tofali hili na lile. Wastani wa vinavyofanana unapunguza chenga na kuacha umbo. Njia ya pili inaigawa picha katika tabaka za ukubwa, kuanzia punje za pikseli moja hadi madoa mapana, na kukuruhusu kushughulikia kila tabaka peke yake. Hiyo ya pili ndiyo dawa ya madoa mapana ya rangi.

Fanya hivi: washa moduli hiyo mara moja kwa vimawimbi (wavelets, ile njia ya pili ya tabaka) ukiwa kwenye hali ya Y0U0V0, ambayo hutenganisha mwangaza na rangi. Punguza rangi kwa nguvu, hasa kwenye tabaka za madoa mapana, na mwangaza uguse kidogo tu. Kisha ifungulie nakala ya pili kwa njia ya vipande vinavyofanana, ikishughulikia mwangaza peke yake, kwa nguvu ndogo. Inachukua dakika kumi kuijenga mara ya kwanza. Ukiihifadhi kama mpangilio wa ISO 6400, kuanzia hapo ni bofyo moja. Nimeona watu wakiiacha darktable kwa kukosa dakika hizo kumi, na inanisikitisha.

RawTherapee, ya bure pia, ina hazina ambayo wachache huigusa: unachagua mwenyewe njia ya kujaza rangi. AMaZE ni nzuri sana kwa picha safi, lakini kwenye chenga nyingi huchora vijinjia vya uongo kama ramani. Badilisha uweke LMMSE au IGV, zilizokusudiwa picha za ISO kubwa, kabla hata hujagusa kitelezi cha chenga. Na uikuze picha hadi asilimia 100 ndipo uone athari yake.

Halafu kuna hizi za akili mnemba. DxO ilianza safari hii na PRIME mwaka 2013, mbinu nzito iliyochukua dakika kadhaa kwa picha moja. Mwaka 2020 ikaja DeepPRIME, na hapo mambo yakageuka, kwa sababu mtandao wa neva uliofunzwa kwa picha nyingi sana unajaza rangi na kuondoa chenga katika hatua moja. Kumbuka nilichosema kuhusu maambukizi ya majirani: hapa maambukizi hayapati nafasi ya kutokea. DeepPRIME XD ya 2022 ilikwenda mbali zaidi katika kuchomoa maelezo madogo. Kwa wanaotaka kuendelea kuhariri katika programu nyingine, PureRAW, iliyotoka 2021, inafanya kazi hiyo peke yake na kukupa faili la DNG (aina ya faili ghafi). Adobe nayo ilileta Denoise mwezi Aprili 2023. Mwanzoni ilizalisha faili jipya la DNG kwa kila picha, kubwa kuliko lile la asili, na watu wenye maelfu ya picha wakajikuta diski imejaa. Tangu katikati ya 2025 matoleo mapya yanaifanya ndani ya faili lilelile. Kiwango chake cha kuanzia ni 50.

Kati ya hizo mbili, kwa macho yangu, DeepPRIME inachomoa zaidi kutoka kwenye faili baya kabisa na inasaidiwa na vipimo vyake vya lenzi, wakati Denoise ni ya kiasi zaidi na inakupa kitelezi kimoja kinachoeleweka. Mtu anayefanya kazi zote Lightroom hana sababu kubwa ya kununua ya pili. Mtu mwenye picha nyingi za giza kupindukia anayo. Zote mbili zinategemea kadi ya michoro: yenye nguvu itamaliza picha kwa sekunde, kompyuta isiyo nayo itakuweka dakika nzima au kadhaa kwa kila picha. Kwa onyesho la picha 600, hilo si jambo dogo.

Na sasa hoja ya mwenzako, ambayo nataka uichukulie kwa uzito. Programu hizi hujifunza kwa kuonyeshwa jozi za picha, yenye chenga na iliyo safi, hadi zinajua kitambaa huonekanaje, nywele huonekanaje, ukuta huonekanaje. Zikikutana na eneo ambalo ushahidi wa mwanga upo lakini umefichwa na chenga, zinaufichua, na ni furaha kuona. Zikikutana na eneo ambalo ushahidi haupo kabisa, hazinyamazi. Zinaweka kinachoelekea kuwepo.

Niliwahi kusafisha picha za tamasha moja zilizopigwa kwenye giza kubwa. Nyuma ya waimbaji kulikuwa na bango, mbali, lisilosomeka. Baada ya kusafisha, herufi zilikuwa kali na zenye kingo safi, na hazikuwa herufi za lugha yoyote. Hilo nililiona mapema. Nisiloliona ni sura za mstari wa nyuma, ambazo kwenye faili ghafi zilikuwa na upana wa pikseli chache mno. Mmoja wa waimbaji aliniandikia kwamba ana hakika amesimama pale, lakini yule aliye kwenye picha si yeye. Macho yamekaa vingine. Nilirudi kwenye faili ghafi nikaona alisema kweli: macho yale hayakuwepo, palikuwa na vivuli viwili tu. Tangu siku hiyo nina sheria mbili. Sura ndogo za mbali hazipiti kwenye kiwango cha juu cha kusafisha, nazipunguzia kwa kuchanganya na toleo lenye chenga. Na picha ambayo itatumika kama ushahidi au habari, ambapo maandishi, namba au utambulisho wa mtu una maana, naisafisha rangi tu, mwangaza nauacha na punje zake. Punje hazimdanganyi mtu yeyote.

Maeneo mengine ya kuyachunguza ni mpaka kati ya kilicho kwenye fokasi na kisicho. Huko programu inaweza kunoa vipande vya mandhari ya nyuma iliyolegea na kuacha vingine, ukapata viraka. Nyuzi za ala za muziki, matundu ya maikrofoni na nywele zilizosukwa pia hujaribu uaminifu wa programu haraka kuliko kitu kingine.

Basi urudie ulinganisho namna hii. Chagua picha nne: moja yenye mwanga wa kutosha, moja ya giza, moja ya taa ya rangi tupu, na moja yenye sura za mbali. Kwenye kila programu zima kunoa, zima marekebisho ya lenzi, weka uwiano wa weupe uleule, na usawazishe mwangaza kwa kuangalia kitu kimoja cha kijivu hadi kiwe sawa kote. Toa picha kwa TIFF ya biti 16.

Kisha fanya jambo ambalo karibu kila mlinganishi hulisahau: sawazisha chenga zilizobaki. Chukua eneo tambarare, ukuta au sakafu, lichague kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha) na ufungue histogramu. Itakuonyesha wastani na mchepuko sanifu wa eneo hilo, yaani kiasi cha kutikisika kwake. Rekebisha nguvu ya kila programu hadi mchepuko huo ukaribiane kwenye zote. Hapo ndipo uhamie kwenye nywele na kitambaa uone nani amelipa gharama kubwa zaidi kufikia usafi uleule. Bila hatua hii, programu iliyovutwa zaidi daima itaonekana safi zaidi, na ile iliyovutwa kidogo daima itaonekana na maelezo zaidi, na mtaweza kubishana hadi asubuhi bila mmoja wenu kukosea.

Mwisho wa ulinganisho zitazame kwa ukubwa zitakapotumika. Picha yako ya 6000 kwa 4000 ikipunguzwa hadi 1500 kwa 1000 kwa ajili ya simu, kila pikseli ya mwisho ni wastani wa 16 za mwanzo, na kwa nadharia chenga zinashuka hadi robo. Chapa ya upana wa sentimita 30 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli zipatazo 3,540, kwa hiyo hata huko punje nyingi unazoziona kwenye asilimia 100 hazifiki kwenye karatasi. Watu wengi wanateseka na chenga ambazo hakuna mtazamaji atakayeziona.

Kwa kazi yako ningefanya hivi. Picha zote za onyesho zipitie darktable kwa mpangilio ule wa nakala mbili, zinatosha kwa simu na kwa chapa ndogo. Zile kumi au ishirini bora, zitakazochapwa kubwa, zipitishe kwenye akili mnemba, na Denoise usianze na 50, anza na 30 upande polepole. Na kabla ya programu yoyote, tafuta mwanga: kutoka f/4 hadi f/2.8 (tundu la lenzi likiwa pana zaidi) unapata mwanga maradufu, na mtikisiko kulinganisha na picha unashuka kwa takribani asilimia 30. Usiipige picha ikiwa na giza kwa matumaini ya kuiinua baadaye. ISO 1600 iliyoinuliwa stopu mbili ina chenga zinazofanana na za ISO 6400, au zaidi.

Linabaki pazia. Mwenzako anasema nyuzi zimebuniwa, wewe unaziona. Hili linapimika. Bila shaka una fremu kadhaa mfululizo za tukio lilelile, na pazia halichezi. Chukua tano au sita kati yake, zitoe bila kupunguza chenga hata kidogo, zipange moja juu ya nyingine na uzipe wastani. Fremu nne zinashusha chenga hadi nusu, kumi na sita hadi robo, na wastani hauna mawazo yake wenyewe: haujui pazia ni nini. Kisha safisha fremu mbili kati ya hizo kwa DxO, kila moja peke yake, uzikuze mahali palepale. Nyuzi zikionekana kwenye wastani, na zikakaa mahali pamoja kwenye fremu zote mbili zilizosafishwa, ni za kweli, na mwambie mwenzako aje azione. Zikihama kutoka fremu moja hadi nyingine, au wastani ukionyesha kitambaa kitupu, basi yeye ndiye aliyeona sawa, na pazia hilo lirudishie punje zake.